Nimechaguliwa mwenyekiti wa chama cha wahitimu: nianzie wapi?

Swali: Mwezi uliopita nilichaguliwa kuwa mwenyekiti wa chama cha wanafunzi wa zamani wa sekondari niliyosoma. Kaka yetu aliyeniachia nafasi ameongoza kwa miaka tisa, na ni mtu ninayemheshimu sana. Kundi letu la WhatsApp lina watu zaidi ya mia nne, lakini wanaolipa ada hawafiki thelathini. Nilichokabidhiwa ni muhuri na nakala ya katiba, basi. Daftari la wanachama sijui liko wapi, na mmoja wa watia saini wa akaunti ya benki amehamia nje ya nchi. Wakati huohuo kila mtu ananiuliza maktaba tuliyoiahidi shule itaanza kujengwa lini, na mkuu wa shule ameshanipigia simu. Nianzie wapi? Na nifanyeje na kaka yetu, ambaye angependa kubaki kuwa mlezi wa chama?

Jibu:

Dada yangu, hongera kwa kuaminiwa, na pole kwa simu ambazo najua hazikupi nafasi ya kupumua. Jibu langu ni hili: usianze na maktaba. Anza na makabidhiano, na usitangaze mradi wowote, uwe mpya au wa zamani, mpaka ujue chama kina nini, kinadaiwa nini na wanachama wake ni akina nani. Jipe miezi mitatu, na useme wazi mbele ya wanachama kwamba miezi hiyo mitatu ni ya kazi hiyo.

Nimekuwa katibu wa chama cha namna hii, na baadaye nimesaidia vyama kadhaa kuweka sawa vitabu vyao, kwa hiyo najua shinikizo lililo juu yako. Watu wanataka kuona kitu. Kiongozi mpya anayetangaza mradi wiki ya pili hushangiliwa, michango huanza kuingia, kisha mtu mmoja huuliza kwa upole kabisa: zile za mwaka juzi zilifikia wapi? Hapo kiongozi mpya hujikuta anajibia fedha asizozishika wala kuzijua. Akikaa kimya, inaonekana anaficha. Akisema hajui, inaonekana hafai. Wanaochanga huacha kuchanga bila kusema neno, na hao ni wagumu kuwarudisha kuliko wanaolalamika.

Kabla ya kumfuata kaka, soma katiba ukiwa na kalamu mkononi. Tia alama mambo manne: nani anahesabiwa kuwa mwanachama, akidi ya mkutano mkuu, yaani idadi ya chini ya wanaotakiwa kuwepo, ni ngapi, muhula wa uongozi ni wa muda gani, na nani anaruhusiwa kutoa fedha. Kisha jiulize swali ambalo wengi hawapendi kujiuliza: je, mkutano ulionichagua ulitimiza akidi? Ikiwa katiba inadai theluthi moja ya wanachama hai, yaani wanaolipa ada, na mlikuwa watu kumi na wawili, usilifiche. Itisha mkutano mwingine mapema, hata wa mtandaoni kama katiba inaruhusu, ili uchaguzi uthibitishwe na uandikwe kwenye kumbukumbu. Usipofanya hivyo, siku utakapomuudhi mtu mmoja tu, jambo la kwanza atakaloibua ni akidi.

Sasa makabidhiano yenyewe. Mfuate kaka mwenyewe, ana kwa ana kama inawezekana, na usiseme lolote kuhusu jambo hili kwenye kundi kabla hamjaonana. Mtu aliyebeba chama kwa miaka tisa bila malipo amefanya kazi kubwa, na mara nyingi amekibeba kwa simu yake, gari lake na mfuko wake. Akiulizwa hadharani "daftari liko wapi", atasikia anaitwa mwizi hata kama hakuna aliyemaanisha hivyo. Ukimkuta nyumbani ukamwambia, "Kaka, nimekuja unifundishe, na tuandike pamoja hali ya chama ili mimi na wewe tuwe salama," mambo mengi yatafunguka. Nenda na katibu wako, maana makabidhiano ya watu wawili tu hayana shahidi.

Mwombe kila kitu chenye jina la chama. Cheti cha usajili kama chama kimesajiliwa. Kumbukumbu za mikutano. Taarifa za benki, stakabadhi na hati za malipo. Barua zilizotumwa shuleni na zilizotoka shuleni, hasa ile iliyoahidi maktaba. Madeni, hata yale ya mdomo: fundi aliyeambiwa asubiri, mwanachama aliyetoa fedha zake za mfukoni na akaahidiwa kurudishiwa. Nywila za barua pepe na za ukurasa wa chama mtandaoni, na majina ya wasimamizi wa kundi la WhatsApp. Halafu kuna kitu ambacho husahaulika karibu kila mara: namba ya simu inayopokea michango imesajiliwa kwa jina la nani? Ikiwa ni laini ya mtu binafsi, fedha zinazoingia humo, machoni pa kampuni ya simu, ni zake. Akifariki, akipoteza simu au akigombana nanyi, chama hakina pa kushika. Hilo libadilishe kabla ya mengine yote, na watangazie wanachama namba au akaunti mpya kwa ujumbe uliotoka kwenu wote wawili, wewe na kaka, ili asitokee tapeli wa kupitia katikati.

Hati ya makabidhiano iwe fupi na ya kweli, na hapa nakusihi sana: andikeni kilichopo na kisichopo. "Taarifa za benki za miaka mitatu ya mwisho: zimepokelewa. Za miaka iliyotangulia: hazikupatikana. Daftari la wanachama: halikupatikana, ipo orodha ya majina sitini kwenye simu ya katibu aliyepita. Salio la benki siku ya makabidhiano: kama linavyoonekana kwenye taarifa iliyoambatanishwa." Salio litoke benki, siku ileile, likiwa limechapishwa, la kuambiwa kwa mdomo halitoshi. Mistari ya "hazikupatikana" ndiyo inayokulinda miaka miwili ijayo, na inamlinda kaka pia, kwa sababu hakuna atakayesema kwamba alikukabidhi kitu ambacho baadaye kilipotelea mikononi mwako. Wekeni saini nyote wanne, mwenyekiti na katibu wa zamani na wapya, na nakala iende kwa katibu. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na sijaona mahali ambapo maneno hayo yanafaa kuliko kwenye vyama vya wahitimu.

Je, uchimbe miaka yote tisa? Sikushauri. Utatumia muhula mzima kwenye jambo lisilo na mwisho, na chama kitagawanyika. Chukua mwaka mmoja au miwili ya mwisho, mwombe mhitimu mwenzenu anayejua uhasibu, ambaye hayumo kwenye kamati yako wala hakuwamo kwenye ile ya kaka, aoanishe taarifa za benki na stakabadhi zilizopo. Atakachokikuta, kaka akione kwanza na apewe nafasi ya kueleza, kabla hakijafika mbele ya wanachama. Mara nyingi maelezo yapo: risiti imekaa kwenye droo, malipo yalifanywa kwa fedha taslimu, fedha ya maktaba ilitumika kulipia sherehe kwa azimio ambalo halikuandikwa. Ikiwa kuna pengo kubwa na halina maelezo, hilo si lako kuamua peke yako, na kamwe lisijadiliwe WhatsApp. Ni la mkutano mkuu, likiwa kwenye ajenda, wahusika wakiwepo.

Kuhusu benki, nenda mapema kuliko unavyodhani inafaa, kwa sababu hapa ndipo wiki hupotea. Omba wakupe kwa maandishi orodha ya wanachotaka ili kubadilisha watia saini. Kwa kawaida ni kumbukumbu za mkutano uliowachagua zenye saini, azimio linalotaja majina ya wanaotoka na wanaoingia, vitambulisho, na mara nyingine idhini ya watia saini wa zamani. Ukishajua maneno wanayoyataka, ndipo mwitishe kikao na kuandika azimio. Nimeona vyama vikirudishwa mlangoni mara tatu kwa sababu azimio lilisema "viongozi wapya" bila kuwataja kwa majina. Ndugu yetu aliye nje mtafuteni sasa hivi, msisubiri saini yake ihitajike. Kwa mpangilio mpya napendekeza watia saini watatu, wawili kati yao watoshe kutoa fedha, mweka hazina akiwa mmoja wa watatu hao, na wasiwe wote wa mwaka mmoja wa kuhitimu au wa familia moja. Hivyo mmoja akisafiri chama hakisimami, na hakuna anayeweza kutoa kitu peke yake. Wewe mwenyewe usishike kadi wala nywila ya akaunti.

Naja kwenye daftari la wanachama, ambalo kwangu lina thamani kuliko salio la benki. Kundi la WhatsApp halichukui nafasi ya daftari. Halikuonyeshi nani alimaliza mwaka gani, linapoteza watu kila wanapobadili namba, na wale wasiopenda kelele walishaondoka zamani, wakiwemo wengi ambao wangechanga kwa furaha. Watu mia nne wanaonekana wengi, lakini shule iliyotoa wahitimu kwa miaka thelathini ina maelfu. Mnasikia sauti zilezile kumi na tano na kudhani ndiyo chama.

Njia inayofanya kazi ni wawakilishi wa miaka. Kila mwaka wa kuhitimu umpate mtu mmoja, na kwa kawaida utamtambua: ndiye ambaye wenzake humpigia simu akitafutwa mtu. Huyo usimpe cheo kikubwa. Mpe jedwali tupu na mwezi mmoja. Katika jedwali hilo weka safu ambazo watu huzisahau: jina alilotumia shuleni na jina analotumia sasa, kwa sababu wapo waliobadili majina kwa ndoa, kwa dini au kwa uamuzi wao tu, na mkitafuta kwa jina la sasa hamtawapata kwenye rejesta ya shule. Mwaka wa kuingia na mwaka wa kutoka, kwa ajili ya waliohamia katikati. Simu, barua pepe, mji anapoishi, kazi. Na safu ya mwisho: amekubali taarifa zake zitunzwe na chama, ndiyo au hapana. Nchi nyingi sasa zina sheria za kulinda taarifa binafsi, lakini hata pasipo sheria, namba ya mtu ni yake. Daftari likae kwa katibu, asiligawe kwa mwenye bima anayetafuta wateja wala kwa mgombea anayetafuta kura, hata akiwa mhitimu mwenzenu aliyechanga sana.

Utakutana na swali la waliosoma lakini hawakumaliza. Katiba yenu ikikaa kimya, wapokeeni. Mtu aliyeacha shule kidato cha tatu kwa kukosa karo, miaka ishirini baadaye akatafuta chama chenu, anaipenda shule hiyo kwa dhati.

Ada. Thelathini kati ya mia nne ni hali ya kawaida, usivunjike moyo, na usikimbilie kupunguza kiwango. Kwa uzoefu wangu watu hawakwepi ada kwa sababu ni kubwa. Wanaacha kwa sababu walilipa mara moja na hawakusikia tena habari ya fedha yao mpaka walipoombwa nyingine. Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kilianzisha mfuko wa wahitimu mwaka 1890 kwa wazo rahisi: kila mhitimu aombwe kila mwaka, atoe kadiri anavyoweza, badala ya kusubiri tajiri mmoja. Wazo hilo lilienea kwenye vyuo na shule nyingi, na sababu yake inawafaa nyinyi pia. Tajiri mmoja akichanga, chama kinakuwa chake. Watu mia mbili wakitoa kidogo kidogo, chama kinakuwa na watu mia mbili wanaotaka kujua kinaendeleaje.

Kwa hiyo toeni taarifa ya ukurasa mmoja kila mwezi, tarehe ileile, hata mwezi ambao hakuna kilichoingia. Iwe na salio la mwanzo, zilizoingia, zilizotoka na zilitoka kwa ajili ya nini, salio la mwisho, na nyuma yake taarifa ya benki. Ndani yake majina ya waliolipa yaandikwe bila kiasi, ili aliyetoa kidogo asijione mdogo. Majina ya wasiolipa usiyabandike mahali popote. Kumwaibisha mtu mzima mbele ya wenzake aliokaa nao bweni moja kunaweza kukuletea malipo ya mwezi huo na kukukosesha mtu huyo maisha yake yote. Hujui amefukuzwa kazi wiki gani.

Jambo jingine ni kutenganisha mifuko. Ada ya uendeshaji, fedha ya mradi, na michango ya misiba na wagonjwa zisichanganyike, angalau kwenye vitabu. Hii ya misiba izungumzeni mapema, kwa sababu ina nguvu ya kumeza chama kizima: wiki baada ya wiki kundi linakuwa la kuchangisha tu, na yule ambaye msiba wake haukuchangiwa kama wa mwenzake hatasahau. Amueni kwa azimio: chama kitatoa kiasi fulani kilekile kwa kila mwanachama hai, bila kuangalia cheo, na wanaotaka kuongeza wajipange wenyewe kwa mwaka wao wa kuhitimu.

Sherehe za kukutana kila mwaka zinajiendesha zenyewe, wapo watu wanaozipenda. Waachie kamati ndogo na uwaambie zijilipie.

Sasa mkuu wa shule. Usimkimbie. Mpigie wiki hii, umwambie ukweli: tuko kwenye makabidhiano, nitakuja kwako na katibu wangu tarehe fulani, na leo sitaongeza ahadi juu ya ahadi. Walimu wakuu wengi wamezoea kuahidiwa na wahitimu vitu visivyokuja, na atakuheshimu kwa kumpa tarehe ya mazungumzo unayoiweza kuliko tarehe ya ujenzi usiyoiweza.

Ukienda, nenda kuuliza. Inakumbukwa kwamba chama cha wahitimu wa Chuo cha Williams, Marekani, kilizaliwa mwaka 1821 wakati rais wa chuo, Zephaniah Swift Moore, alipoondoka na baadhi ya wanafunzi kwenda chuo kipya cha Amherst, na chuo kikawa hatarini kufa. Wahitimu walikusanyika kwa sababu kulikuwa na shida halisi mbele yao. Je, maktaba ndiyo shida halisi ya shule yenu leo, au ilikuwa hivyo wakati ule mlipoiahidi? Inawezekana kabisa bado ndiyo. Inawezekana pia kuna chumba kizuri kinachotumika kama stoo ya madawati mabovu, kinachohitaji rafu, taa, vitabu vya kiada na mtu wa kukaa humo saa za jioni. Muulize nani ataisimamia maktaba ikishajengwa, nani atalipa umeme, na ujenzi kwenye ardhi ya shule unahitaji kibali cha nani. Jengo likikamilika ni la shule, au la mmiliki wa shule, na wanachama wako walijue hilo mapema. Omba kuzungumza na mwalimu anayesimamia vitabu, na wanafunzi wawili watatu. Tembea ukaone mlango wa hicho kinachoitwa maktaba sasa hivi, kama kuna kufuli na ufunguo anao nani.

Mkikubaliana, andikeni kurasa mbili: chama kitatoa nini, shule itatoa nini, kwa awamu zipi. Awamu ya kwanza iwe ndogo kiasi kwamba fedha mliyonayo benki sasa inaitosheleza, bila kutegemea mchango ambao haujaingia. Fundi alipwe kwa kazi iliyokwisha kupimwa na mtu wa tatu. Awamu hiyo ikikamilika na picha zake zikawafikia wanachama pamoja na hesabu, kuchangisha ya pili ni kazi nyepesi mno. Jengo lililoishia kwenye linta, likaota majani mbele ya kila kidato kinachopita, linakiua chama kuliko kukosa mradi kabisa.

Usiyabebe haya peke yako. Wewe fuatilia benki na shule, katibu ashike daftari la wanachama na kumbukumbu, mweka hazina taarifa ya mwezi. Katibu ndiye nguzo yako kuliko makamu mwenyekiti, kwa hiyo akiwa mzito wa kuandika, mwongezee msaidizi mapema, kwa adabu. Kumbukumbu za kikao zitoke ndani ya siku tatu. Zikichelewa mwezi, kila mtu atakuwa na kikao chake kichwani.

Swali lako la mwisho, la kaka kuwa mlezi. Mkubalie, na umkubalie kwa moyo mweupe. Anawajua wahitimu wakubwa ambao wewe hupokelewi simu na wao, na heshima hiyo anaistahili. Ila nafasi ya mlezi iandikwe kwenye azimio: anashauri, anaalikwa mikutano mikuu, anakiwakilisha chama akitumwa, hatii saini benki, hasimamii kundi la WhatsApp, na ana muda wake kama viongozi wengine. Mweleze hayo mwenyewe kabla ya mkutano, asiyasikie kwa mara ya kwanza mbele za watu. Na utaratibu uwe huu: hati ya makabidhiano isainiwe kwanza, akaunti ibadilishwe, kisha mkutano mkuu umtangaze mlezi na kumshukuru kwa miaka yake tisa, ikisomwa orodha ya aliyoyafanya. Orodha hiyo iandae wewe. Waulize wanachama wa miaka ile, utashangazwa na mengi ambayo hakuwahi kuyasema.